Sentensi Yangu ya Lamadi na Fundi Aliyeibeba

Hii ni wiki ya saba tangu nilipokabidhi funguo za ofisi, na bado sijajua kukaa. Wiki iliyopita tulikuwa msibani Somanda. Watu wamekaa kwenye mikeka wanamsikiliza mchungaji, mimi nikajikuta nimesimama kwenye korido, kiganja changu kiko juu ya kifuniko cha meni swichi, napima kama kina joto. Mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye amestaafu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, alinifuata akaninong'oneza: "Minza, marehemu hakuuawa na umeme. Njoo ukae."

Nikakaa. Lakini kilikuwa na joto.

Vijana wa ofisi, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yetu ya Mtazamo kabla hamjautoa wa kwanza bila mimi. Nitaandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili langu, na atakayeyahitaji hayo alipanguse vumbi mwenyewe. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa, na jinsi nilivyoharibu. Hilo la pili ndilo linaloniamsha kitini kila nikikaa.

Nianze kwa mgeni ambaye karatasi hii itamwangukia mkononi. Kila Januari, kampuni yetu ndogo ya ushauri wa uhandisi hapa Bariadi hutoa kijitabu kinachoitwa Mtazamo wa Mwaka. Kinaeleza mwaka unaoanza utakuwaje kwa majengo ya biashara ya Simiyu na umeme wake: wapi maduka, gesti na maghala yanajengwa, laini ipi imezidiwa, vifaa gani vitaadimika, kazi ya mafundi itakuwa nyingi upande gani. Wenye majengo hukisoma kabla ya kuchimba msingi. Wengine hukisoma baada ya kupaka rangi, ndipo wanatutafuta.

Aliyeuanzisha ni Mhandisi Masunga. Wengi wenu mlimwona kwenye picha tu, ile ya ukutani ambayo amekunja uso. Hakuwa amekasirika. Ndivyo alivyokuwa akisubiri jambo lolote, picha ikiwemo.

Siku yangu ya kwanza nilifika na cheti cha ufundi umeme kutoka Mwanza, viatu vya kisigino na imani kwamba nitapewa meza. Mhandisi alinipa daftari. Akaniambia niende kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na stendi, niombe kigoda, nikae hadi saa sita nikiandika nani ananunua nini. Nilirudi na kurasa tatu za misumari, bati na saruji, nikijiona nimefanya utafiti mkubwa.

Alisoma yote. Akauliza, "Nani amerudisha?"

"Kurudisha nini, Mhandisi?"

"Waya. Kuna mtu alinunua waya akarudi nao?"

Nikakumbuka. Alikuwepo mmoja, mwenye duka la nguo, aliyerudi analalamika kwamba fundi wake amemkatalia waya aliokwisha kununua, anataka mnene zaidi. Nilikuwa nimemcheka.

"Huyo fundi aliyekataa ni nani?" Mhandisi akauliza.

Sikujua. Akanirudisha dukani na jua lile la saa saba nikaulize jina. "Mwenye jengo atakwambia anachotaka kujenga," alisema. "Fundi aliyekataa waya mwembamba atakwambia kitakachotokea. Sisi tunaandika kitakachotokea."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Tulizunguka Maswa, Meatu, Itilima, Busega, kila Novemba na Desemba, kwa basi na kwa pikipiki ya ofisi. Vifaa vyetu vilikuwa mita ya kubana waya, testa, tepu ya kupimia na daftari. Transfoma tulizisikiliza kwa mbali. Inayolalamika mchana, jioni itakuwa hoi. Kwenye viwanda vya kuchambua pamba Mhandisi hakuanza na meneja, alianza na mtu wa mota, na alimsalimia kama mkwe. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema meneja huona mota inapozimika, yule mwingine huijua tangu inapoanza kukohoa.

Mtazamo ulipokwisha kuandikwa, kulikuwa na kikao cha kuusoma. Hicho mkikiacha, mimi nitarudi ofisini kwa nguvu. Mhandisi alisoma sentensi moja moja kwa sauti, na baada ya kila moja aliuliza, "Nani ameona?" Aliyeona alisema, "Mimi." Kama hakuna, sentensi ilikatwa kwa kalamu nyekundu, hata kama ilikuwa nzuri. Nyingi nzuri zilikatwa. Hata hivyo kijitabu hakikuwahi kumpotosha mtu, na kwa miaka mingi hilo lilitutosha.

Kisha Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa mpya, na utulivu ukaisha. Kila mtu alitaka ghorofa. Gesti ziliota kama nyanya pori. Watu walifunga viyoyozi kwenye vyumba ambavyo dirisha halifungi, wakatupigia simu kuuliza mbona baridi haikai. Benki zilitaka jenereta, maduka ya dawa yalitaka friji, na kila mwenye jengo alitaka aambiwe mwaka ujao utakuwaje, leo hii. Mtazamo ambao zamani tuliuandika kwa miezi miwili, tulianza kuuandika kwa wiki tatu. Nilipenda haraka ile. Nasema kweli. Nilikuwa mtu wa kutembea huku nakula muhogo, simu begani, na niliona kwamba hiyo ndiyo kazi.

Mwaka ninaotaka kuusema, nilipewa upande wa Lamadi. Mnaujua mji ule. Ziwa upande huu, barabara kuu ya Musoma upande ule, magari ya watalii wa Serengeti, malori ya samaki, na katikati watu wanaojenga usiku na mchana. Umeme wake siku zile ulikuwa mdogo. Saa za mashine za kusaga na kuchomelea, taa ziligeuka rangi ya chungwa. Wote walitaka kujua jambo moja: laini itaimarishwa lini?

Nilitakiwa kwenda kuona. Kama kazi ya kuongeza nguvu inaanza, nguzo hulazwa kando ya barabara miezi kabla. Mtu unaziona, unazihesabu, unaandika. Lakini kulikuwa na mvua, barabara ya kwenda kwenye kazi nyingine ya Maswa ilikuwa imenichosha, na nilikuwa na maeneo mengine manne ya kumalizia. Nikampigia simu mtu niliyefahamiana naye, kibarua wa mkandarasi mmoja wa laini. Akasema, "Ipo kwenye mpango, dada."

Mimi nikaandika: Laini ya Lamadi itaimarishwa kabla ya katikati ya mwaka; wenye majengo wanaweza kuagiza mashine kubwa bila hofu.

Itazameni hiyo sentensi. "Ipo kwenye mpango" imekuwa "itaimarishwa." Na hayo maneno ya "bila hofu" hakuniambia mtu. Niliyaweka kwa sababu aya ilikuwa fupi.

Kikao kikafika. Ilikuwa inakaribia saa nane, hatujala. Mhandisi akaisoma sentensi ile, akauliza, "Nani ameona?"

"Mimi," nikasema.

Akageuza ukurasa.

Agosti iliyofuata ikapita, na Septemba ikawa inaelekea mwisho nilipopokea simu ya mwanamke ambaye sikumfahamu. Alijitambulisha kuwa Mama Nyanzobe, mfanyabiashara wa samaki Lamadi, mwenye jengo jipya la ghorofa moja: maduka mbele, gesti juu, na nyuma chumba cha baridi cha kuhifadhia sangara. Alisema mashine zake mbili za baridi zimeungua, ameleta mafundi wawili kila mmoja na lake, na sasa anataka mtu wa kampuni iliyoandika kile kijitabu aje aone jengo kabla halijaleta balaa jingine. Alisema "kile kijitabu" kwa heshima.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Lamadi. Mama Nyanzobe alikuwa mwanamke mnene mwenye kanga mbili na sauti ya kuongea na watu walio majini. Alinisalimia asubuhi ile kwa Kisukuma kama mwanawe, "Mwangaluka, ng'wanawane," akanishika mkono, akanipeleka nyuma moja kwa moja bila chai. Pale uani palikuwa na watu. Shemeji yake, mzee aliyeitwa Bugumba, alikuwa amekaa na wazee wengine wawili, na mbele yao mbuzi mweusi amefungwa kwenye mpini wa toroli.

Wakanieleza yaliyotokea, kila mmoja akimkata mwenzake. Chumba kilifunguliwa Julai. Mwezi mmoja kilifanya kazi vizuri, wanawake wa sokoni wakaleta sangara wao, kila mmoja na alama yake kwenye kreti. Kisha msimu wa kusaga ukapamba moto, umeme ukawa unashuka kila mchana, na siku moja mashine zote mbili zikaungua kwa pamoja wakati Mama Nyanzobe yuko Mwanza. Samaki wote wakaoza. Harufu ilifika barabara kuu, mabasi yakawa yanapita yamefunga madirisha.

"Mwizi ni fundi," alisema Mama Nyanzobe. "Shija. Ndiye aliyefunga waya wote humu. Watu wanasema alibadilisha waya, akaweka mwembamba, ule mnene akauza. Nilimfukuza mbele ya soko zima."

"Sio fundi," alisema mzee Bugumba. "Jengo hili limekaa juu ya njia ya ng'ombe ya watu wa zamani. Mfumu, mganga wetu, ameona. Ndiyo maana ya huyu mbuzi."

Nikaomba nione bodi ya umeme kwanza. Nilifungua kifuniko, na ninyi mnaojua kazi mtanielewa: nilisimama nikatazama tu. Waya zilikuwa zimelazwa kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Kila moja ina alama. Kebo ilikuwa nene kuliko ilivyohitajika. Nilikagua kutoka mita hadi kwenye kompresa za mashine za baridi, dari kwa dari, na sikukuta kosa hata moja. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja: kinga ya umeme mdogo, kile kifaa ambacho nguvu ikishuka sana kinakata mashine kabla haijaungua. Nafasi yake ilikuwepo kwenye bodi. Fundi ameitoboa, ameipima, ameiacha wazi.

Nilingoja hadi saa tisa. Mashine za kusaga mjini zilipoanza kunguruma, nikapima. Umeme ulishuka mbele ya macho yangu, ukashuka tena, ukakaa chini kabisa. Kompresa ikilishwa hivyo hujikamua, waya wa ndani unapata joto, na mwisho ni moshi. Mashetani hayakuwa na kazi pale, wala fundi mwizi hakuwepo.

"Mama," nikauliza, "huyu fundi hakukwambia uweke kinga hapa?"

Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa kwa herufi kubwa: Mama naomba tuweke kinga ya umeme mdogo. Bila hiyo mashine zitaungua. Shija. Chini ya karatasi ile kulikuwa na Mtazamo wetu, umekunjwa kwenye ukurasa wa Lamadi.

"Aliniletea hii," Mama Nyanzobe alisema. "Mimi nikamwonyesha hiki. Nikamwambia, umeme unaongezwa, wameandika hapa tununue mashine bila hofu. Nikamuuliza, wewe Shija na hawa wahandisi wa Bariadi, nani kasoma?"

Watu wote uani walikuwa wananitazama. Mzee Bugumba akasema, "Haya, fundi. Wewe unasemaje?"

Nawaambia vijana, nafasi ya kuponea ilikuwepo, tena pana. Ningesema umeme ni mdogo, lawama ingeenda kwa watu wa laini ambao hawakuwepo pale. Ningenyamaza tu, mbuzi angechinjwa, tungekula, na jambo lingeisha. Nikatazama kale kanafasi alikotoboa Shija kwenye bodi, makali ya chuma ameyasugua kwa tupa yasije yakakata mtu. Nikashindwa.

"Waya ni mzuri," nikasema. "Sijaona kazi nzuri kama hii Simiyu nzima. Fundi alisema kweli. Aliyesema uongo ni huyu aliyeandika hapa, na aliyeandika ni mimi. Sikuja kuona. Nilipiga simu tu."

Mbuzi alikuwa anatafuna kamba.

Mama Nyanzobe hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Siku ulipoandika ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nilikuwa nakunywa chai."

"Chai," akasema. Akakunja kile kijitabu, akakirudisha kwenye nailoni taratibu. "Nimemtukana mtu mbele ya soko zima kwa sababu ya chai yako. Mke wake alikuwa anauza dagaa pale. Wanawake walimmwagia chini beseni lake la dagaa. Yeye na mumewe waliondoka wiki ileile, na watoto. Wanasema wako kwa wajomba zake Shija, Bukundi, huko Meatu. Simu yake haipatikani."

Nilikaa Lamadi siku nne. Niliandika orodha ya kurekebisha, na kwa sababu ni ya manufaa naiweka hapa kwa kifupi: kinga kwanza kabla ya mashine, kompresa ziwashwe moja baada ya nyingine, zisiamke pamoja, baridi itengenezwe alfajiri na asubuhi umeme ukiwa na nguvu, mchana chumba kiishi kwa unene wa kuta zake na mlango uliofungwa. Kuta ziliongezwa unene. Mlango ndio uliosumbua, maana watu wa samaki hawafungi mlango. Mama Nyanzobe aliweka kiti pale akakaa mwenyewe. Chumba kikafanya kazi, na kinafanya kazi hadi leo. Laini yenyewe iliimarishwa baadaye sana, na siku nguzo zilipolazwa nilienda nikazihesabu kwa mkono, moja moja, kama mwendawazimu.

Siku ya tatu Mama Nyanzobe alinishika mkono tukaenda sokoni. Akasimama katikati ya meza za samaki akasema kwa ile sauti yake kwamba Shija hakuiba, na kwamba yeye mwenyewe alimwonea. Akanisukuma mbele na mimi niseme langu. Nilisema. Wanawake walisikiliza wakiendelea kuparua magamba. Mmoja akasema, "Sasa mnatwambia sisi, mwenyewe hayupo."

Nilirudi Bariadi nikaingia kwa Mhandisi bila kubisha. Nikamweleza yote, na la mwisho nikamwambia, "Siku ile uliuliza nani ameona, nikasema mimi. Nilidanganya."

Alivua miwani. Uso ulikunjwa kama wa picha ile, nami nikawa nimejiandaa kufungasha daftari zangu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ulijibu haraka. Mtu aliyeona huwa anafikiri kwanza, anakumbuka alisimama wapi." Akapangusa miwani na tai. "Lakini ilikuwa saa nane, Minza, na mimi nilitaka kwenda kula."

Sikuwahi kumpenda kuliko siku ile, wala kumwogopa kuliko siku ile. Niliona kwamba hata yule niliyemdhani ni ukuta alikuwa mtu mwenye njaa.

Nikamwambia nataka Mtazamo unaofuata uanze na ukurasa wa makosa yetu. Hakukubali upesi. Alisema, na alikuwa na haki, "Tukisema tumekosea Lamadi, watu wa Maswa watauliza kwao tumekosea wapi." Tulibishana siku mbili. Siku ya pili jioni aliniita, akasema niandike, jina litakuwa lake kwa kuwa yeye ndiye mkuu. Nikakataa. Majina yakawa mawili. Ukurasa tuliuita Tuliyoyasema Mwaka Jana Yakawa Sivyo, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba fundi Shija wa Lamadi alionya sawasawa na sisi tukampinga bila kuona.

Mteja mmoja mkubwa alituacha, mwenye hoteli. Alisema hawezi kujenga kwa ushauri wa watu wanaojitangaza kwamba wanakosea. Hoteli yake naipita kila wiki. Bodi yake ya umeme iko chini ya bomba la maji. Wengine walibaki, na polepole wakaanza kuusoma ukurasa ule kabla ya kurasa nyingine zote. Nasikia mmoja wenu amependekeza uondolewe ili kupata nafasi ya michoro ya rangi. Simjui ni nani na sitaki kumjua. Mwambieni tu auache.

Mhandisi Masunga alistaafu akarudi kwao Ipililo kulima pamba. Nilimtembelea mara kwa mara. Alikuwa anatabiri mavuno ya majirani, na hawakumpenda. Alifariki huko, na kikao cha kusoma kikawa changu. Niliuliza "Nani ameona?" kwa miaka yote iliyobaki, na mtu akijibu haraka nilimwambia atuambie alisimama wapi.

Lakini kwa Shija sikwenda. Hilo ndilo nililotaka kufika. Mama Nyanzobe alimtuma mtu Bukundi mwaka uleule kumwomba radhi na kumwita arudi. Akajibu kwamba amesikia, hatarudi. Mimi nilijiambia nitakwenda msimu ukiisha. Kisha nikajiambia nimeshaandika jina lake kwenye kijitabu, mbele ya wakubwa wote wa mkoa. Kila Novemba nikipita Meatu kwa ukaguzi, nilifika Mwanhuzi, nikatazama njia ya kwenda Bukundi, nikageuza pikipiki. Kila mara kulikuwa na kazi. Mtu mwenye kazi nyingi ana pa kujificha pazuri sana.

Sasa kazi imeisha. Baada ya ule msiba wa Somanda, mume wangu aliniambia, "Wewe hutafuti joto la swichi. Nenda unapotakiwa kwenda." Nikaenda. Nililala Mwanhuzi, asubuhi nikachukua bodaboda. Saa nne nilikuwa Bukundi, kwenye kituo kidogo cha maduka. Nilipouliza fundi Shija, wakanionyesha kwa kidole, juu.

Alikuwa amechuchumaa juu ya bati la duka la dawa za mifugo, anafunga sola kwa ajili ya friji ya chanjo. Nywele zimeingia mvi. Nikasimama chini nikasema, "Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka," akajibu bila kuangalia chini.

"Mimi ni Minza. Wa ile kampuni ya Bariadi."

Hapo akatazama. Hakushuka.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. Shingo iliniuma kwa kumwangalia juu. "Ulisema kweli, sisi tukaandika uongo. Mimi niliandika. Tuliuandika ukweli mwaka uliofuata, na jina lako limo." Nikatoa kijitabu kwenye mkoba nikakiinua, kana kwamba angeweza kukisoma kutoka kule.

"Mama Nyanzobe alituma mtu," akasema. "Miaka hiyo."

"Najua. Mimi sikutuma. Sikuja pia."

Akatazama kile kijitabu mkononi mwangu, kisha barabara, ambako kijana mmoja alikuwa anaswaga ng'ombe kuelekea kwenye lambo. "Huku nani anasoma hicho?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Mke wangu alitukanwa kwa mdomo, dada. Na huku habari ilitutangulia kwa mdomo, kwamba nilifukuzwa Lamadi kwa wizi. Miaka miwili nilichunga ng'ombe za wajomba kabla mtu hajanipa hata balbu nifunge." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma mita. Akaelekeza bisibisi chini, kwenye mlango wa duka. "Yumo ndani humo. Duka ni lake. Kaongee naye yeye."

Nikaingia. Mke wake anaitwa Kabula. Alikuwa nyuma ya kaunta anapanga chupa za dawa ya kupe, mwanamke mwembamba, mtulivu, ambaye alinisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuacha kupanga. Nilimwambia yote. Ile simu, ile chai, "bila hofu," saa nane, kikao, neno "Mimi." Nilimwambia ninajua lile beseni walilommwagia ni langu.

Alipanga chupa ya mwisho. Akafuta kaunta.

"Umetoka Bariadi kwa ajili ya hilo tu?"

"Kwa hilo tu, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Akaenda mlangoni. Nje kwenye benchi walikuwa wamekaa wafugaji sita au saba wakisubiri friji iwake wapate chanjo, fimbo zao magotini, na wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo. Akawaita wote kwa Kisukuma wasogee. Kisha akanigeukia.

"Sema tena," akasema. "Kwa sauti, wasikie."

Wakasogea, wakasimama nusu duara kwenye jua. Nikashuka ngazi ya duka nikasimama mbele yao, nikaanza tangu mwanzo, kwa jina langu. Juu ya bati Shija alikuwa ameacha kufunga skrubu.